KATAPILA LA KALE NA KAZI YA KUKOKOTA MAGOGO YA KUNI



Mashamba yetu mengi yana mikarafuu iliyokwisha kufa. Mingine imekufa kwa uzee, mingine kwa yale maradhi ya kufa ghafla, ambayo mti huwa mzima leo, na baada ya majuma machache majani yote yamekauka. Mti mkavu ukiachwa umesimama huangusha matawi juu ya miche, na siku ya upepo huanguka wenyewe juu ya mti mzima. Ukikatwa, lipo gogo zito bondeni, na jikoni kuni zinatakiwa. Basi shida yetu si kuni. Shida ni njia ya kulitoa gogo pale lilipo.

Baadhi ya wanachama wamesikia kuwa huko Marekani na Uingereza wako wakulima wadogo wanaotumia makatapila ya kale, yaliyoundwa miaka 70 au 80 iliyopita, kuvutia magogo ya kuni. Wanauliza: Je, jambo hili latufaa na sisi? Suala hili ni la maana, kwani mwenye kukosea hapa hapotezi fedha tu. Aweza kupoteza miti yake iliyo hai, na aweza kupoteza mtu. Kwa hivyo twaona vyema tulieleze jambo lenyewe tangu mwanzo wake, kisha kila mmoja apime kwa mizani yake.

KATAPILA LILIANZAJE

Jina hili limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kiwavi. Mwenye kuliona likitambaa juu ya minyororo yake, likipanda na kushuka juu ya kila tuta bila ya kuruka, hana haja ya kuuliza kwa nini likaitwa hivyo.

Mwanzo wake ulikuwa ni matope. Huko California, karibu na mji wa Stockton, pana ardhi nyeusi laini sana kandokando ya mito. Matrekta ya mvuke ya wakati ule yalikuwa mazito mno, yakizama humo. Watu walijaribu kuongeza upana wa magurudumu, hata yakawa mapana kama ukuta wa nyumba, wala haikufaa. Ndipo fundi mmoja, Benjamin Holt, alipoyatoa magurudumu ya nyuma na kutia mahali pake minyororo miwili iliyopigiliwa vipande vya mbao. Jaribio lake lilifanywa tarehe 24 Novemba, 1904, na trekta lile likalima mahali ambapo hata farasi walikuwa wakizama. Mwaka ule ule wa 1904, huko Uingereza, David Roberts wa kiwanda cha Hornsby katika mji wa Grantham naye alikuwa amebuni mnyororo wake. Mwaka 1925 kampuni ya Holt iliungana na kampuni ya mshindani wake, C. L. Best, ikawa Caterpillar Tractor Company. Mwaka 1931 wakatoa trekta lao la kwanza la dizeli, na mwisho wa mwaka huo huo wakaacha rangi ya kijivu wakashika ile ya manjano ijulikanayo mpaka leo.

Upande wetu wa Afrika ya Mashariki makatapila yalipata sifa, na sifa mbaya pia, katika ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 katika Tanganyika, Kongwa ikiwa makao yake ya kwanza. Mengi katika mashine zilizoletwa zilikuwa zimekwisha kutumika vitani, na nyingi zilinunuliwa Visiwa vya Filipino zikiwa zimechoka. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Msitu ulikuwa mgumu, mibuyu mikubwa, ardhi ikikauka huwa kama saruji, na vipuri na mafundi havikutosha. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, na fedha za Serikali ya Uingereza zipatazo pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Tumelitaja jambo hili kwa sababu somo lake ni lile lile kwa mtu mwenye katapila moja la kale: mashine bila ya vipuri, bila ya fundi, na bila ya kuijua ardhi, ni chuma tu.

KWA NINI WENZETU HUYAPENDA YA KALE

Mfano mzuri ni lile katapila dogo liitwalo D2, lililoundwa na kampuni hiyo tangu mwaka 1938 mpaka 1957. Uzito wake wazidi tani 3. Injini yake ni ya dizeli yenye silinda nne. Lina gia tano za kwenda mbele, na gia ya kwanza ni ya mwendo wa chini ya maili 2 kwa saa, yaani polepole kuliko mtu atembeaye. Katika mwendo huo nguvu yote hugeuka kuwa mvuto.

Kuwasha kwake ni jambo la kutazamwa. Kwa kuwa dizeli baridi ni ngumu kuzungusha, pembeni mwake imetiwa injini ndogo ya petroli yenye silinda mbili. Dereva huiwasha hiyo ndogo kwanza. Maji ya kupoza ni ya shirika baina ya injini mbili, na moshi wa ile ndogo hupitishwa karibu na njia ya hewa ya ile kubwa, hivyo kubwa hupata joto. Ikisha kupata moto, ndogo huunganishwa nayo kwa gia, ikaizungusha mpaka ikaamka. Hapana betri kubwa wala umeme mwingi. Mtu mwenye spana, subira na kitabu cha mashine aweza kuifungua yote na kuifunga tena. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya wenzetu kuyapenda.

Sababu ya pili ni bei. Katapila la kale aghalabu ni rahisi kuliko trekta jipya, na katika Marekani yaliuzwa mengi sana hata leo yako yanayovunjwa ili kutoa vipuri. Kiko pia chama cha wenye kuyatunza. Sababu ya tatu ni kazi yenyewe. Mtu mwenye eka chache za msitu, anayetaka kuni za nyumba yake za wakati wa baridi, hahitaji mashine ya kukimbia. Yataka mashine ya kuvuta gogo moja moja, polepole, katika njia nyembamba.

HESABU YA UZITO JUU YA ARDHI

Wengi hudhani katapila, kwa kuwa ni zito, huikandamiza ardhi kuliko kitu chochote. Tupige hesabu. Tuchukue katapila la ratili 7,000. Kila mnyororo wake, tuseme, una upana wa inchi 12, nao hugusa chini urefu wa inchi 60. Hiyo ni inchi za mraba 720 kwa mnyororo mmoja, na 1,440 kwa miwili. Gawa 7,000 kwa 1,440, utapata karibu ratili 5 kwa kila inchi ya mraba.

Sasa mtazame mchukuzi wa ratili 150, anapokwenda hali uzito wote uko juu ya mguu mmoja. Unyayo wake, tuseme, ni inchi 10 kwa inchi 3, yaani inchi za mraba 30. Gawa 150 kwa 30, ni ratili 5 vile vile. Basi katapila likisimama kimya huikanyaga ardhi sawa na mtu. Trekta la magurudumu huikanyaga zaidi, kwa sababu uzito wake wote uko juu ya sehemu ndogo nne.

Lakini hesabu hii ni ya katapila lililosimama. Likianza kuvuta, uzito hurudi nyuma, na sehemu ya nyuma ya mnyororo hubeba zaidi. Na likipinda, ndipo madhara yanapoanza. Gurudumu likipinda hubingirika. Mnyororo hauwezi kubingirika kwa upande, hukwaruza. Vyuma vya viatu vyake huchimba na kuchana. Katika msitu wa Marekani ya kaskazini watu hulikwepa jambo hili kwa kukokota magogo wakati wa baridi kali, ardhi ikiwa imeganda ngumu. Sisi hatuna baridi hiyo. Na mizizi midogo ya mkarafuu, ile inayoulisha mti, imo juu juu ya udongo. Katapila likipinda chini ya mkarafuu ulio hai, laweza kukata mizizi ambayo mwenye shamba hatoiona imekatwa mpaka mti uanze kunyauka.

KAZI YA KUKOKOTA

Kazi huanza kabla ya injini kuwashwa. Mti hukatwa ili uangukie upande wa njia, matawi yote hupogolewa, na vijiti vilivyochomoza hukatwa sawasawa na shina, kwani kila kijiti ni nanga. Kisha mnyororo au kamba ya chuma hufungwa kwa kitanzi kinachojikaza chenyewe, futi moja au mbili kutoka mwisho wa shina. Kwa kawaida upande mnene ndio hutangulizwa.

Gogo likikokotwa lote chini hufanya mambo matatu mabaya. Kwanza, hulima mtaro, na mvua ikija mtaro huwa mfereji wa kuchukua udongo. Pili, hula nguvu nyingi kwa kusuguana na ardhi. Tatu, hujipaka mchanga na vijiwe, na mchanga huo ndio unaomaliza meno ya msumeno siku ya kukata vipande. Kwa hivyo wenye ujuzi hukiinua kichwa cha gogo. Njia bora ni tao la chuma lenye magurudumu mawili linalofungwa nyuma ya katapila, kichwa cha gogo kikaning'inia chini yake. Njia ya kimaskini ni kukiweka kichwa juu ya kipande cha mbao au bati nene lililopindwa mbele kama ngalawa, kikafungwa hapo. Mkia tu ndio unaoburuta.

Jambo la pili la hekima ni winchi. Katapila lenye winchi halina haja ya kushuka bondeni. Hukaa juu ya njia yake, kwenye ardhi ngumu, likapeleka kamba ya chuma chini, na gogo huja lenyewe. Kama njia haiko sawa, hutiwa kapi katika mti madhubuti ili kamba ipinde. Wanachama waliofanya kazi ya jahazi hawana haja ya kufunzwa jambo hili, kwani ndilo lile lile la kupandisha foromali. Ila mti unaofungwa kapi ufungwe kwa mkanda mpana au magunia yaliyokunjwa. Kamba nyembamba hukata ganda lake pande zote, na mti uliokatwa ganda mzunguko mzima ni mti uliokufa.

Kapi lina faida nyingine. Likifungwa katika gogo lenyewe, na ncha moja ya kamba ikafungwa katika kisiki, basi nguvu itakiwayo hupungua karibu nusu, ingawa kamba itakiwayo huwa maradufu. Hilo halihitaji injini. Wanaume wanne wenye kapi na kamba nzuri huweza kulitikisa gogo ambalo wanane bila ya kapi hawalitikisi.

HATARI ZAKE

Hapa twaomba msomaji asome polepole.

Kamba ya chuma iliyokaza ni kama upinde uliovutwa. Ikikatika hurudi kwa kasi ambayo jicho haliioni, na hukata kiungo. Kila mtu asiyekuwa dereva asimame mbali kupita urefu wa kamba yenyewe, wala asisimame ndani ya kona ambayo kamba inapinda kwenye kapi, kwani kapi likifyatuka kamba hupita hapo hapo. Asivuke mtu kamba iliyokaza, hata kwa haraka ya namna gani.

Mahali pa kufunga gogo nyuma ya katapila pawe chini, pale mwenyewe aliyeiunda mashine alipopaweka. Mtu akifunga juu zaidi ili kukiinua kichwa cha gogo, kisha gogo likanasa katika kisiki, mashine haiendi mbele. Hujiinua pua na kutaka kumlalia dereva wake. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa trekta la magurudumu, lakini katapila nalo halikusalimika.

Makatapila ya kale aghalabu hayana paa wala fremu ya chuma ya kumlinda dereva. Yaliundwa kabla ya watu kuyashurutisha hayo. Mti mkavu una matawi yaliyovunjika yaliyonasa juu, na mtikiso wa injini au wa gogo hutosha kuyaangusha. Mwenye katapila la kale atakaye kulitia msituni hana budi kwanza alitie fremu ya chuma iliyoundwa na fundi ajuaye, pamoja na mkanda wa kujifungia.

Ya mwisho ndiyo iliyowahadaa madereva wengi, nayo ni kupinda katika mteremko. Katapila halina usukani wa duara. Mbele ya dereva pana mikono miwili ya chuma. Akivuta mkono wa kushoto, mnyororo wa kushoto hutengwa na injini. Wa kulia huendelea kusukuma, na katapila hupinda kushoto. Akitaka kupinda zaidi hukanyaga na breki ya kushoto. Katika tambarare hapana rahisi kuliko hilo.

Sasa tuseme linateremka, na uzito wake pamoja na gogo lililo nyuma vinalisukuma. Hapo injini haivuti tena, bali yazuia. Dereva akivuta mkono wa kushoto bila ya breki, mnyororo wa kushoto huachwa huru, hauna wa kuuzuia, nao hukimbia kuliko wa kulia. Katapila hupinda kulia, kinyume cha alivyotaka. Asiyejua hushituka, huvuta zaidi, na katapila huzidi kwenda kulia, pengine kwenye bonde. Dawa yake ni mbili: ama kukanyaga breki ya upande ule ule mara moja pamoja na kuvuta mkono, ama kuvuta mkono wa upande wa pili. Makatapila ya kale ya Cletrac, yaliyoundwa Cleveland katika Ohio, hayana tabia hii, kwa sababu mtambo wao wa kupindia hauuachi huru mnyororo wowote. Basi dereva yeyote aulize kwanza: hili langu ni la namna gani? Na tena, katika mteremko, gogo lenyewe laweza kuteleza likaja mgongoni mwa katapila. Ni salama zaidi kulishusha kwa winchi, au kulivuta kwa njia izungukayo kilima.

MATUNZO

Mwenye kununua katapila la kale na atazame chini kabla ya kutazama injini. Minyororo, magurudumu ya meno, na roli za chini ndizo zinazokula fedha. Wengi hukadiria kuwa nusu ya gharama ya kulitunza katapila iko hapo. Kila kiungo cha mnyororo kina pini ndani ya bushi, na kila mzunguko husagana. Mchanga ukiingia husagana zaidi, na mashamba yetu ya karibu na pwani hayana upungufu wa mchanga. Katika mnyororo wa namna ya kale, pini na bushi zikisha kulika upande mmoja huweza kutolewa na kugeuzwa, zikafanya kazi upande wa pili. Zikisha kugeuzwa mara moja, hapana tena ila kununua mpya.

Mnyororo usikazwe mno wala usilegezwe mno. Ukikazwa mno hujila wenyewe. Ukilegea mno hutoka katika njia yake, aghalabu katikati ya matope wakati wa kupinda, na kuurudisha ni kazi ya siku nzima. Jioni, udongo ukwanguliwe ukiwa bado mbichi. Ile injini ndogo ya petroli nayo ina desturi yake: bomba la petroli lifungwe, na injini iachwe imalize petroli iliyobaki. Mwenye kuacha bomba wazi huweza kukuta asubuhi petroli imechuruzika ikaingia katika oili, na oili yenye petroli ni sumu kwa injini, na ni hatari ya moto.

KUNI ZENYEWE

Gogo likisha fika, kazi bado. Kuni mbichi huweza kuwa na maji karibu ya nusu ya uzito wake, na moto hauwezi kupika chungu mpaka uishe kwanza kuyachemsha maji yaliyomo katika kuni. Ndiyo sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto mchache, na moshi huo ndio unaowaumiza macho na vifua mama zetu na wake zetu majikoni. Wenzetu wa Marekani hupima kuni kwa lundo la futi 4 kwa futi 4 kwa futi 8, yaani futi za ujazo 128. Lundo hilo la mti mgumu likiwa bichi hufikia karibu ratili 5,000. Hukata vipande vya inchi 16 hivi, huvichanja, huvipanga juu ya magogo visiguse chini, hufunika juu tu na kuacha pande wazi ili upepo upite, kisha hungoja mwaka mzima, na kwa miti mingine miaka miwili. Wanataka maji yasizidi sehemu 20 katika 100.

Sisi tuna jua, wala hatuhitaji miaka miwili. Lakini kanuni ni ile ile: chanja kwanza, kwa sababu maji hutoka upesi katika uso uliochanjwa kuliko kupitia katika ganda, inua juu ya ardhi, funika juu, acha pande wazi. Gogo zima lililoachwa chini mvuani haliwi kuni. Huwa nyumba ya mchwa.

JE, LATUFAA SISI?

Tupige hesabu ya mwisho. Shina la mkarafuu lenye unene wa futi 1 na urefu wa futi 10 lina futi za ujazo karibu 8. Tuseme kila futi ya ujazo ina ratili 60. Basi shina zima ni ratili 470 hivi. Mtu mmoja hawezi, wala wawili hawawezi. Lakini likikatwa pale pale lilipoangukia vipande vinne, kila kipande ni ratili 118 au chini kidogo, na watu wawili kwa mti wa begani hukitoa. Likichanjwa pale pale kwa shoka na kabari, mtu mmoja hubeba mzigo apendao, na punda hubeba wake.

Mmarekani hukokota gogo zima kwa sababu tatu: anataka kulikata karibu na nyumba yake kwa mashine, magogo yake ni makubwa na mengi, na ardhi yake huganda ngumu. Katika sababu hizo tatu, mkulima wa karafuu mwenye miti mikavu mitano au kumi hana hata moja iliyo kamili. Kwake yeye ni afadhali msumeno uufuate mti kuliko mti kuufuata msumeno. Kapi moja zuri, kamba, kabari tatu za chuma, na gari ya ng'ombe inayongoja barabarani, vitamfaa zaidi ya katapila, wala havitagusa mzizi wa mti wowote.

Hatusemi kwamba katapila halina kazi kabisa. Pale ambapo mwembe au mfenesi mkubwa umeanguka ukaziba njia ya magari, au shamba zima la miti mikavu linasafishwa ili lipandwe upya, na hapana mti ulio hai wa kuhofia, hapo katapila dogo lenye winchi huweza kufanya kwa siku moja kazi ya watu wengi kwa juma zima. Wanachama wa mtaa mmoja wakitaka kulikodi kwa shirika, basi kwanza na wakubaliane mambo haya, tena kwa maandishi:

1. Njia ya katapila ichaguliwe na kuwekewa vijiti kabla halijaja, nalo lisitoke nje yake. Magogo yaje kwa winchi.

2. Lisiingie siku ya mvua, wala siku inayofuata mvua kubwa.

3. Dereva awe ni mtu aijuaye mashine ile ile, na mashine iwe na fremu ya kumlinda.

4. Awepo mtu mmoja, si zaidi, wa kutoa ishara; watoto na watazamaji wawe mbali.

5. Gharama zote zihesabiwe: dizeli, dereva, na lori la kulileta na kulirudisha, kwani minyororo ya chuma haipiti juu ya lami bila ya kuiharibu. Jumla hiyo igawanywe kwa mizigo ya kuni itakayopatikana, kisha ilinganishwe na bei ya mzigo sokoni.

6. Kabla ya kukata mkarafuu wowote, hata ulio mkavu, ruhusa ipatikane kwanza kwa wakuu wanaohusika.

Mwenye kufanya hesabu ya tano kwa uaminifu, pengine hatohitaji kuyasoma mengine.

Mkarafuu hutaka miaka 6 au zaidi kabla ya kutoa karafuu yake ya kwanza, na ukitunzwa humzalia mtu, na mwanawe, na mjukuu wake. Kuni za mti uliokufa huwaka jioni moja zikaisha. Basi katika kutoa kuni, twawanasihi wanachama wote walitazame kwanza lililo hai, kisha ndipo lililokufa. Mwenye swali juu ya kapi, kamba au kabari, au mwenye ujuzi wake mwenyewe katika kazi hii, na aje ofisini kwetu au atuandikie, nasi tutawapasha wengine katika ukurasa huu.